Joto ya mwezi wa kumi: mulango wa kwanza njo unaamua

Kila mwaka, mbele mvua ianze, kuko wafanyakazi wa migodi wenye wanaanguka ku kazi na wanarudishwa ku nyumba na neno moja tu: «ni malaria». Mara mingi haiko malaria, ni joto. Hilo kosa linakula afya, linakula franka ya familia, na linafuta haki ya mufanyakazi.

Huku kwetu, kuanzia Lubumbashi kufika Likasi na Kolwezi, watu wanaogopaka baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Tunavaa makoti, tunakohoa, tunalalamika. Lakini miezi yenye kuumiza wafanyakazi kimyakimya ni wa tisa na wa kumi. Mvua haijafika. Mawingu hakuna. Vumbi ya saison sèche ingali inasimama mu hewa, na jua linapitisha 30°C. Na hiyo 30°C ni ile inapimwa kwenye kivuli. Mu carrière kivuli iko wapi?

Fikiria mufanyakazi mwenye eko chini kabisa mu carrière saa nane ya muchana. Jua linamupiga kutoka juu. Ukuta wa mawe unarudisha joto kutoka pembeni. Moteur ya kamyo na ya pelle inatoa joto nyingine. Na yeye mwenyewe amefungwa mu kaske, gilet, gants, mabote na masiki. Mu kiwanda cha acide, wengine wanavaa kombinezo ya plastiki yenye haipitishe hewa hata kidogo. Wenye wanashuka mu migodi ya chini ya udongo, kama Kipushi ao Kamoto, wanajua kama kule joto haina mwezi wake: mawe, mashine na unyevu vinaichunga ndani mwaka muzima.

Hizo EPI ni za lazima, hakuna mutu wa sendika mwenye atasema uzitoshe. Lakini mutu mwenye anavaa vile na kufanya kazi ngumu anapaswa kupewa maji, kivuli na mapumuziko kupita mutu mwenye kukaa mu bureau. Hiyo haiko zawadi. Ni sehemu ya kazi, sawa vile mafuta iko sehemu ya kazi ya kamyo.

Joto inafanya nini mu mwili

Mwili wa mutu unafanya kazi vizuri kama joto yake ya ndani iko karibu 37°C. Wakati unabeba, unachimba, unasukuma, mwili unatokeza joto yake yenyewe. Ili kuitosha, damu inaenda mingi kwenye ngozi na jasho inatoka. Jasho inakauka, mwili unapoa. Lakini kama maji imepunguka mu mwili, ao hewa haipite juu ya nguo, jasho haiwezi tena kusaidia. Joto inabakia ndani na inapanda.

Kuko hatua mbili, na kila mufanyakazi anapaswa kuzijua sawa vile anajua alama za hatari ku kazi.

Hatua ya kwanza ni uchovu wa joto. Mutu anatoka jasho mingi, kichwa inamuuma, kizunguzungu, anataka kutapika, misuli ya miguu na ya tumbo inajifunga. Mukojo ni kidogo na rangi yake ni ya chai. Lakini anaongea muzuri, anajua eko wapi. Huyu tumupeleke kwenye kivuli, tumufungulie nguo na mabote, tumunyweshe maji kidogokidogo. Kama nyuma ya nusu saa hajapata nafuu, apelekwe kwa infirmier.

Hatua ya pili ni coup de chaleur. Hapa ni mambo ya dakika. Mwili unachoma, 40°C ao kupita. Mutu anaongea maneno ya kuchanganyikiwa, anatembea kama mulevi, ao anapigwa na kifafa, ao anazimia. Pengine jasho imekauka, pengine ingali inatoka. Usingojee ikauke ndipo uamini. Huyo mutu anaweza kufa ao kubakia na ubongo, figo na moyo vyenye kuharibika.

Watu wa kwanza kuanguka haiko wazaifu. Ni wapya, na wenye wanatoka kwenye congé ao kwenye ugonjwa. Mwili unahitaji siku 7 kufika 14 ili uzoee kufanya kazi kwenye joto. Njo maana kijana mwenye nguvu, mwenye ameajiriwa juzi na mwenye anataka kumuonyesha kapita kama anaweza, anaanguka mbele ya muzee mwenye eko na miaka 20 mu kazi. Muzee anajua kupima mwendo wake. Kijana anapima franka yake.

Juu ya nini kila mutu anapenda malaria

Sasa tuongee wazi. Mutu ameanguka saa nane. Mwili wake ni moto. Wanamuweka mu bus ya kampuni, wanamufikisha ku nyumba. Bibi yake anamugusa na kusema: «Homa iko mingi.» Wanaenda kwenye farmasi ya pembeni ya njia. Mwenye farmasi haulizi mutu alikuwa anafanya kazi gani. Anasema malaria, ao malaria na typhoïde pamoja, anatundika serumu ya quinine, anaongeza antibiotique, anaongeza sindano ya diclofenac juu ya maumivu. Familia inalipa. Siku ya tatu mutu anarudi ku kazi na miguu ya kutetemeka, na hakuna fasi hata moja yenye imeandikwa kama aliangushwa na joto.

Juu ya nini hiyo hadisi inajirudia? Ukiangalia muzuri, utaona kama malaria inafurahisha kila mutu. Inafurahisha mwenye farmasi, juu iko na dawa ya kuuzisha. Inafurahisha kapita, juu haitaandikwa kwenye rapport yake ya usalama. Inafurahisha kampuni, juu mbu hana patroni: ukiumwa na mbu, ni mambo yako na mbu. Na inafurahisha hata mufanyakazi mwenyewe, juu kusema «nilikuwa na malaria» haileti haya, lakini kusema «jua lilinishinda» inaonekana kama kusema hauwezi kazi.

Na hii miaka, woga umeongezeka. Mu Februari 2025, Serikali ilisimamisha kutuma kobalti inje ya inchi, na tangu tarehe 16 Oktoba 2025 kila kampuni inatuma kulingana na quota yake. Sitaki kuongea hapa kama hiyo ni siasa ya muzuri ao ya mubaya. Hiyo ni habari ya siku ingine. Nasema tu vile mufanyakazi anaisikia: akisikia kampuni inapunguza, anawaza kama yeye njo atakuwa wa kwanza kutoka. Mutu mwenye eko na contrat ya miezi mitatu haendi kujiandikisha mu infirmerie. Anameza paracétamol mu kivuli cha kamyo, anaendelea.

Hebu tuseme mambo ine juu ya dawa, juu hapo watu wengi wanaumizwa.

Moja: paracétamol haiwezi kushusha joto ya coup de chaleur. Inasaidia homa ya malaria ao ya grippe, lakini joto yenye imeingia kutoka inje inatoshwa na maji na hewa tu.

Mbili: diclofenac na ibuprofène, wakati mwili umekauka maji, vinaweza kuharibu figo. Kuko wafanyakazi wenye wanavimeza kila siku juu ya mugongo, sawa bombo. Mu mwezi wa kumi, hiyo tabia ni hatari mara mbili.

Tatu: malaria haionekani kwa macho. Inapimwa. Kipimo cha TDR kinahitaji tone moja la damu na dakika 15 ao 20. Mutu akikuambia «ni malaria» bila kukupima, anakisia. Na ile kipimo ya Widal yenye wanatumia kusema «typhoïde», peke yake haitoshe. Inaweza kusema ndiyo kwa mutu mwenye hana typhoïde.

Ine: serumu haiko alama ya matunzo mazuri. Kama mutu anaweza kunywa na hatapiki, maji ya SRO kwa kinywa inamusaidia muzuri, na bei yake ni ndogo sana.

Simaanishe kama malaria haiko. Iko, na mvua ikianza itaongezeka. Mutu anaweza hata kuwa na malaria na joto siku moja. Njo maana sheria ni hii: kwanza mupoze, kisha mupime, kisha mutunze.

Zamani mulango ulikuwa mumoja

Watoto wa Gécamines wanakumbuka. Wakati wa Union Minière, na kisha wa Gécamines, mufanyakazi alikuwa na kipande, na hicho kipande kilifungua hospitali kwa baba, mama na watoto. Hakuna mutu aliuliza «niende wapi?». Hiyo mufumo ilikuwa na ubaya wake, ilifunga mutu kwa kampuni tangu kuzaliwa mupaka kuzikwa. Lakini njia ilijulikana.

Hiyo dunia ilivunjika pole pole tangu miaka ya 1990. Mu 2003 na 2004, na ile «départs volontaires», zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walitoka. Kisha makampuni mapya yakakuja, na chini yao sous-traitants, na chini ya sous-traitants watu wa intérim. Leo, mu carrière moja, watu watatu wenye wanafanya kazi bega kwa bega wanaweza kuwa na wapatroni watatu na hospitali tatu, ao mumoja wao hana hata moja. Wa kwanza anatunzwa mu clinique ya kampuni. Wa pili anatumwa kwenye hospitali yenye ilifanya convention na patroni wake. Wa tatu anaambiwa: «Jitafutie, utaleta facture.» Anajitafutia, analeta facture, na facture inalala.

Mu kampuni moja yenye nilifanyia kazi, tulipata mufanyakazi wa sous-traitant mwenye alizimia inje ya kipimo cha masaa matatu tu ya kazi. Infirmerie ilikuwa mita mia mbili. Walinda mulango walimuzuia juu badge yake haikuwa ya rangi yenye inafaa. Tulipiga kelele, akaingia, akapona. Lakini tujiulize: siku yenye hakuna mutu wa kupiga kelele, itakuwa namna gani? Mu jambo la dharura, badge haina kazi. Kila sendika inapaswa kuandika hiyo mu mazungumuzo yake na kampuni: infirmerie ya site ni ya kila mutu mwenye eko mu site.

Sheria inasema nini? Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002, yenye ilirekebishwa mu 2016, inamulazimisha patroni kutunza mufanyakazi na familia yake wakati wa ugonjwa, wa accident, wa mimba na wa kuzaa: munganga, dawa, kulala mu hospitali. Sheria haisemi «kama patroni ni mukubwa». Sous-traitant ni patroni sawa wengine. Na mutu mwenye contrat imesimama juu ya ugonjwa eko na haki ya sehemu mbili ya tatu ya mushahara wake. Wengi hawajue hiyo, njo maana wanarudi ku kazi mbele ya kupona.

Upande wa accident de travail, ni CNSS, ile yenye zamani tuliita INSS. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inaangalia accident yenye inapatikana mu kazi ao juu ya kazi, hata mu njia ya kwenda na kurudi, pia magonjwa ya kazi. Mutu mwenye ameangushwa na joto ku kazi hakuanguka ku nyumba yake. Lakini CNSS haitajua kama hakuna karatasi. Na karatasi inaanzia kwenye mulango wa kwanza.

Milango, moja kwa moja

Mulango wa kwanza kabisa ni fasi yenye mutu ameanguka. Kama ni coup de chaleur, usikimbie na yeye mu gari mbele ya kumupoza. Tuma mumoja aite infirmier na ambulance. Wewe mupeleke kwenye kivuli, mutoshe kombinezo na mabote, mumwangie maji mwili muzima, mupepee na karton ao na gilet. Kama kuko barafu, weka kwenye shingo, kwapani na kwenye mapaja ya juu. Kama amezimia, mulalishe upande, na usimutie maji mu kinywa: itaingia mu mapafu. Endelea kumupoza hata mu njia.

Mulango wa pili ni infirmerie ya site. Hata kama unajisikia afazali, pita pale. Hakikisha jina lako limeandikwa mu registre na saa, fasi na kazi yenye ulikuwa unafanya. Sema wazi: «Nilianguka juu ya joto, nilikuwa mu carrière tangu saa kumi na mbili.» Usiseme «najisikia homa» tu, juu kile unasema njo kitaandikwa.

Mulango wa tatu ni hospitali yenye kampuni yako ilifanya convention nayo. Uliza jina lake leo, mbele ya kugonjwa. Uliza pia kama bibi na watoto wamo mu liste, juu mara mingi mutoto mwenye alizaliwa mwaka uliopita hajaandikwa, na baba anajua hiyo usiku wa homa. Beba bon de soins. Kama wanakukatalia bon, mwite delege palepale, usingojee kesho.

Mulango wa ine ni wa Serikali, na uko wazi kwa wote: wafanyakazi wenye hawana convention, ba creuseurs, ba mama wenye kusafisha madini, familia. Inchi yetu imegawanywa mu zones de santé zaidi ya 500. Kila quartier iko na centre de santé yake, na juu yake kuko hôpital général de référence. Kwa homa, kuhara, kukohoa, mimba, mutoto mugonjwa: anza na centre de santé. Pale kuko infirmier mwenye alisoma, kuko TDR, na kama ugonjwa unamupita anakuandikia karatasi ya kukutuma juu. Kwa mutu mwenye kuzimia, mwenye kuchanganyikiwa, mwenye kupigwa na kifafa, mwenye hatoe mukojo tangu asubui, usipitie mu centre: enda moja kwa moja ku hospitali kubwa. Mu Kolwezi ni Mwangeji, mu Lubumbashi ni Sendwe. Wa Likasi na wa Fungurume waulize mu centre de santé yao hospitali ya référence iko gani, mbele dharura ifike.

Mulango wa tano wengi hawaufikirie. Mutu mwenye anakohoa zaidi ya juma mbili, mwenye kukonda, mwenye kutoka jasho usiku, asiseme «ni vumbi ya saison sèche». Vumbi ya mawe yenye silice inaharibu mapafu, na mapafu yenye imeharibika vile inafungulia kifua kikuu mulango. Aende mu centre yenye wanaita CSDT, fasi ya kupima na kutunza tuberculose. Dawa za tuberculose ni bure, na matunzo ya kawaida ni miezi 6. Akipatikana nayo, watoto wa nyumba yake pia wapimwe.

Na farmasi? Farmasi ni fasi ya kununua dawa yenye munganga ameandika. Haiko mulango wa kwanza. Kanisa ya maombi pia haiko mulango wa kwanza: omba, ndiyo, lakini omba mu njia ya kwenda hospitali.

Neno kwa ba creuseurs

Ninyi hamuna infirmerie, hamuna bon de soins. Mupaka leo coopérative mingi zinajua kukata franka ya kilo, hazijue kununua hata bidon ya maji. Muulize: kila siku munaacha pesa pale, inafanya nini? Kwa kuanza, coopérative inaweza kuweka bâche ya kivuli, maji safi, SRO, na pikipiki moja yenye inangojea kupeleka mugonjwa. Hiyo haihitaji mutaji mukubwa.

Na jambo moja ya kufa na kupona. Mutu akizimia chini mu shimo, usifikirie joto tu. Pengine hewa imekwisha. Kila mara mwenzake anashuka kumuokoa, na yeye pia anabakia. Usishuke bila kamba ya kukuvuta na bila kuingiza hewa kwanza. Shimo yenye imeua mumoja isipewe wa pili.

Ku nyumba

Joto haibakie ku kazi. Nyumba ya mabati, saa tisa ya muchana, ni tanuru. Mutoto wa chini ya miezi 6 apewe ziwa mara mingi kupita kawaida, asipewe maji. Maziwa ya mama iko na maji yenye inamutosha. Wazee wenye tension na sukari wasikatize dawa zao, na wakisikia kizunguzungu waende wamuone munganga. Mama mwenye mimba asitembee na beseni mu jua la saa saba.

Upande wa kunywa: maji kwanza. Munkoyo ni kinywaji chetu na unasaidia, kama ulipikwa na maji safi na haujachacha. Lakini Simba ya baridi nyuma ya kazi haiko maji. Pombe inatosha maji mu mwili, na lutuku ni mubaya kupita. Mutu mwenye alikunywa lutuku usiku anaingia mu carrière asubui akiwa tayari amekauka.

Kama kuko kuhara ao kutapika, fanya SRO ku nyumba: litre 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari vyenye kusawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Na mujitayarishe: mvua ya kwanza inasukuma uchafu wote mu visima, na kuhara inafuata. Chemsha maji ao tia chlore. Tundika moustiquaire tangu sasa, usingojee mbu akukumbushe. Kuhara yenye iko kama maji ya muchele ni kolera mupaka ihakikishwe kama haiko. Mugonjwa aanze kunywa SRO palepale na apelekwe siku ileile.

Kile tunaomba, na hesabu yake

Mutu mwenye kufanya kazi ngumu kwenye joto anahitaji kikombe kimoja kila dakika 15 ao 20, maana yake karibu litre 1 kwa saa. Mu siku ya kazi yenye iko na masaa 6 ya nguvu, hiyo ni litres 6. Kuko fasi wanagawa chupa mbili za litre 1 na nusu, ni litres 3, na wanaandika mu rapport «maji ilitolewa». Hesabu iko wazi: ni nusu. Na nusu ya maji haitoe nusu ya kazi. Inatoa mutu chini.

Kwa hiyo, mu comité ya hygiène na sécurité ya kila kampuni, ba delege waweke mambo matano mbele mwezi huu uishe. Maji ya baridi karibu na kila ekipe, hapana ku bureau ya mukubwa. Kivuli na mapumuziko ya lazima, marefu zaidi kati ya saa sita na saa tisa. Kazi ngumu za kusukuma na kubeba zifanywe asubui. Wapya, na wenye wanatoka congé, wapewe juma moja ya kupanda pole pole: siku ya kwanza wasipite sehemu moja ya tano ya muda kwenye joto, na kila siku kuongezewa sehemu ingine. Na kila mutu mwenye ameanguka aandikwe mu registre, hata kama badge yake ni ya sous-traitant. Kama kampuni inakataa, barua iende kwa Inspection du travail, na copie ibakie kwa delege.

Patroni atasema kama mapumuziko inapunguza tonnes. Tumujibu na hesabu yake mwenyewe. Chauffeur wa kamyo kubwa mwenye kizunguzungu hapunguze tonnes, anaipindua kamyo. Mutu mwenye anapumuzika dakika 10 kwa saa anamaliza siku. Mwenye hapumuzike anamaliza mu ambulance, na ekipe yote inasimama kumuangalia.

Kwa bandugu zangu wafanyakazi, nasema hii: kusema «joto imenishinda» haiko haya. Ni habari ya usalama, sawa kusema frein haikamate. Seme mapema, sema ku fasi yenye inaandika, na chunga karatasi yako: tarehe ya registre, bon de soins, certificat ya munganga, ordonnance. Ziweke mu sachet moja ku nyumba, na bibi ajue iko wapi. Kama siku moja umefukuzwa juu ya «abandon de poste» wakati ulikuwa unalala mu hospitali, hiyo sachet njo itaongea fasi yako. Delege anaweza kusimama mbele ya patroni na mbele ya inspecteur, lakini hawezi kusimama na mikono mitupu.